Kipimo cha Mezani

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba swali lililomsumbua binadamu tangu aanze kuchungulia chungu cha jirani yake limepatiwa jibu, na limepatiwa jibu Mbeya. Kipato kinachomfanya mtu ajisikie tajiri ni shilingi laki moja na themanini elfu kwa kaya kwa mwezi. Hakizidi hapo. Anayezipata hizo na bado akalalamika, ana matatizo yake binafsi, ayamalize hukohuko kwake.

Nayasema haya mimi, Farhan, Mratibu wa Kitengo cha Hisia za Kipato, Nyanda za Juu Kusini. Kwa sasa niko nyumbani kwangu Soweto, hapahapa Mbeya, nimesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Lakini kusimamishwa ni suala la kiutumishi, haliugusi ukweli wa kitaalamu.

Mwanzoni tulifanya kosa la kuwauliza watu. Ukimwuliza mtu wa huku kwetu kama ana hela, anachosikia yeye ni kwamba kuna harusi inakuja na wewe ndiye mweka hazina. Sokoni tulimkuta Adrian, mwenye malori mawili yanayokwenda Tunduma na kurudi. Tukamwuliza ni kipato gani kingemfanya ajisikie tajiri. Akashusha pumzi, akasema yeye ni mtu wa kuungaunga tu, tajiri ni yule jamaa mwenye malori manne. Mwenye malori manne tukamkuta amelala chini ya mojawapo, amejipaka oili, akatuambia malori si yake, ni ya benki. Iringa ndiko kulikotuchosha kabisa. Mzee mmoja mwenye msitu wa mbao usioisha machoni alituambia mali zote ni za Mungu, halafu akatuuliza kama na sisi Mungu ametupa posho.

Ripoti yetu ya kwanza ilionyesha kwamba Nyanda za Juu Kusini hazina tajiri hata mmoja, ila kila mtu anamfahamu mmoja.

Makao makuu Dodoma hawakufurahi. Ndipo nikabuni Kipimo cha Mezani. Mdomo unadanganya, sufuria haina huo muda. Ofisa anafika kwenye kaya saa ya chakula, anaketi, anakula kinacholiwa, kisha anaipangia kaya daraja. Daraja la kwanza ni uji mtupu, la saba ni wali na nyama kwa pamoja. Na kwa kuwa serikali haiwezi kumvamia raia wake, tulimwarifu mtendaji wa kata mapema, naye akatangaza kwa kipaza sauti wiki nzima kwamba wageni kutoka mkoani watapita nyumba kwa nyumba, wananchi wawapokee vizuri. Utaratibu ulizingatiwa.

Tulianzia Rujewa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Liberatus na mkewe Veneranda, wanaolima mpunga kwenye kipande cha kukodi. Liberatus alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni, na dawa zake zilikuwa zinalipiwa na Mfuko wa Kaya Nyonge. Hayo yalikuwa maelezo ya mdomo. Mezani palikuwa na wali wa Usangu, ule unaonukia mpaka barabarani, na kuku mzima ndani ya bakuli la maua. Firigisi ikasogezwa upande wangu, kama ilivyo stahiki ya kiongozi wa msafara.

"Karibuni," Veneranda alisema. "Chakula chenyewe ndo hicho, mtusamehe."

Nikamwuliza kama na wao watajumuika.

"Aa, sisi tumeshakula."

Msaidizi wangu, Kalinga, akaandika kwamba kaya ilikutwa imeshiba kabla ya chakula kuletwa. Hiyo ni dalili ya juu kabisa ya utajiri. Mimi mwenyewe, pamoja na cheo changu, huwa nasubiri chakula kije ndipo nishibe.

Nyumba ya pili, kuku. Nyumba ya tatu, kuku, na firigisi yake. Kote huko wenyeji walikuwa wameshiba. Kalinga, kijana asiye na imani na takwimu, alininong'oneza kwamba kwenye nyua za watu hao hasikii hata kuku mmoja akilia. Nikamwelimisha kwamba kuku wa matajiri hawana sababu ya kulia. Jioni tuliondoka na nusu gunia la mchele tuliofungiwa kwenye gari, na mtu hagawi asichokuwa nacho tele. Shida pekee ya zoezi zima ilikuwa firigisi, ambazo zilikuwa zimeanza kunitia kiungulia.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Kaya zile zilitamka kipato cha laki moja na themanini hivi kwa mwezi. Kaya zilezile, mezani, zilikuwa daraja la saba. Kwa hiyo laki moja na themanini inatosha mtu kujisikia tajiri. Makao makuu walipiga simu ya pongezi, maana ukishajua utajiri unaanzia wapi, unajua na msaada unaishia wapi. Kaya zote tulikokula zikatolewa kwenye Mfuko, na mimi nikapewa cheti chenye fremu.

Haukupita muda Veneranda akaja ofisini Mbeya. Alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi tuliporudi kutoka kula chakula cha mchana.

"Kamwene, baba," akanisalimu.

"Kamwene, mama. Hongera kwa kuingia daraja la saba."

"Dawa za mzee wamenikatalia. Wanasema sisi tumekuwa matajiri."

"Ndivyo kipimo kilivyosema."

"Kipimo kipi, baba? Mbona hamkupima kitu. Mlikula tu."

Nikamweleza kwa upole kwamba kula ndiko kupima kwenyewe. "Ulituwekea kuku, mama. Kitengo kinapima kilichopo mezani."

"Si mlikuwa wageni? Nikiwapa mlenda watu wa mkoani, kesho napita wapi mimi? Yule alikuwa kuku wangu wa mayai. Nilikuwa naye huyohuyo."

"Na kwa nini mlisema mmeshakula?"

Alinitazama kwa ile subira mtu anayompa mtoto wa mwenzake. "Kuku mmoja, wageni gari zima. Wewe ungesemaje?"

Nikalipokea hilo kama maoni ya mdau.

"Basi sasa hayupo," akaendelea. "Njooni leo mpime. Mtakuta nimechemsha majani ya maboga, na chumvi nimeomba kwa jirani."

"Upimaji unarudiwa kila baada ya miaka mitano, mama."

"Mguu wa mzee hauna miaka mitano, baba."

Hakukuwa na mahali pa kuiingiza kauli hiyo kwenye mfumo. Ilinikaa kifuani mchana kutwa, nikahisi ni firigisi. Veneranda akainuka, akajifunga vizuri kitenge chake, akaniambia, "Haya. Na wewe Mungu akuletee wageni." Nikamshukuru kwa dua.

Wageni wakaja. Ilikuwa timu ya uhakiki kutoka Dodoma, ikiongozwa na Bi Severina, mama mmoja mpole anayeongea kana kwamba maneno yanakatwa kwenye mshahara wake. Nikaona si uungwana timu ya makao makuu ikale kwa mama ntilie wakati mimi nina mke. Mke wangu Mwanakhamisi amezaliwa hapahapa Mbeya lakini damu yake ni ya Bagamoyo, na watu hao, hata nyumba ikiwaka moto, kwanza watamwuliza mgeni kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Mbuzi tulimchukua kwa mkopo kwa jirani yetu Muharami, muuza nyama. Sahani, zulia na friji vilitoka kwa Muharami huyohuyo. Na kwa kuwa uani palikuwa na nafasi, akaegesha pia na gari lake, ili mandhari ikamilike.

Pilau ikashuka, maini yakawekwa mbele ya Bi Severina. Alikula taratibu, akaangalia zulia, akaangalia friji, akachungulia dirishani.

"Na nyie?" akauliza.

"Sisi tumeshakula, dada yangu," Mwanakhamisi akamjibu.

Bi Severina akatoa kalamu.

Barua ilifika haraka kuliko barua yoyote niliyowahi kuisubiri. Ilieleza kwamba kwa kutumia Kipimo cha Mezani, kaya ya Mratibu imevuka daraja la saba, na imelazimu kuundwa daraja la nane kwa ajili yake. Mshahara wa Mratibu haulingani na daraja hilo. Aeleze alikopata mali, na wakati akieleza apishe uchunguzi kwa nusu mshahara. Nilikwenda kwa mhasibu kumlalamikia kwamba nusu mshahara hautoshi kuendesha nyumba. Akanisomea tangazo langu mwenyewe, akanionyesha kwamba nusu hiyo imekipita kiwango mara mbili, hivyo natakiwa kujisikia tajiri mara mbili.

Nikampigia simu Bi Severina.

"Mbuzi ni wa mkopo," nikamwambia. "Sahani za jirani. Friji la jirani. Lile gari hata funguo yake sijawahi kuishika."

"Mm."

"Ni heshima ya mgeni tu, Bi Severina. Mngekuja jana yake mngekuta maharage, tena ya kulala."

Akauliza, "Unaweza kuliandika hilo? Kwamba chakula cha mgeni si kipimo cha mwenyeji?"

Niliandika usiku uleule. Niliandika kwa uchungu wa mtu aliyeonewa, nikaeleza mila zetu, nikaeleza aibu ya kumweka mgeni mbele ya sahani tupu, nikauliza ni binadamu gani mwenye akili timamu anayeweza kuingia nyumba ya mtu, akala kuku wake wa pekee, kisha akatoka na kumwita tajiri. Ilikuwa hoja nzito. Nilipoisoma tena nikajikuta namchukia sana mtu huyo, bila kumjua ni nani.

Dodoma wakaikubali. Aya ya kwanza ya majibu yao ilizirudisha kaya zote za Rujewa kwenye Mfuko. Liberatus anapata dawa zake, na mtendaji ameniambia kidonda kimeanza kukauka. Nilifurahi, na sisemi hivyo kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi. Nilifurahi kweli, mpaka nikafika aya ya pili. Hiyo ilisema kwamba kanuni mpya inawahusu wananchi, ambao wanapika kwa mila bila kujua kwamba wanapimwa. Haimhusu mtumishi wa Kitengo, ambaye kipimo anakijua. Chochote mtumishi huyo atakachokiweka mezani, amekiweka kwa kudhamiria, na kitahesabiwa kuwa ni kukiri.

Hata hivyo serikali ina huruma, na nilipewa nafasi moja ya kujisafisha: kupimwa upya, nyumbani, saa ya chakula. Meza ikilingana na mshahara, narudi kazini. Ikizidi, jalada linapelekwa kwa wanaofungua mashtaka. Mpimaji ni Kaimu Mratibu wa Kitengo, Ndugu Kalinga.

Nilimpanga Mwanakhamisi mapema. Ugali, dagaa, basi. Dagaa wenyewe wasiungwe. Nikamkumbusha kwamba kazi yangu, kodi ya nyumba na jina langu katika mji huu, vyote viko ndani ya sufuria hiyo. Akasema amenielewa.

Leo mchana Kalinga amebisha hodi. Amekuja amevaa suti, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ndicho tulichobakiza, akanipa pole ya kutosha, kisha akaweka kalamu yake mezani. Nilikuwa naanza kumweleza ugumu wa maisha pale harufu ilipotoka jikoni. Ilikuwa nazi. Nazi, hapa Mbeya, inayosafiri kutoka Pwani mpaka kufika sokoni kwetu na kuuzwa kwa bei ya mtu aliyechoka na safari. Kalinga akainua pua. Nikaomba radhi, nikaenda jikoni mbio.

Wali wa nazi ulikuwa unapaliwa makaa juu ya kifuniko. Pembeni yake kuku wa kupaka alikuwa anageuzwa kwa upendo.

"Mwanakhamisi, tulikubaliana dagaa."

"Dagaa wapo. Ni wa kwetu, tutakula akishaondoka."

"Mke wangu, watanifunga."

"Wakikufunga nitakuletea chakula hukohuko. Lakini mtu hatoki nyumbani kwangu akaenda kumsimulia mkewe kwamba kwa Mwanakhamisi amelishwa dagaa wa kuchemsha."

"Kalinga si mgeni. Kalinga ni mpimaji."

"Amepiga hodi, nikamwambia karibu," akasema, akaongeza tui. "Toka hapo mlangoni unanizibia hewa. Nenda kamwulize kama anakula pilipili."

Nikarudi sebuleni nikamwuliza Ndugu Kaimu Mratibu kama anakula pilipili. Akasema anakula, ila isiwe kali sana, maana akimaliza ana kazi ya kuandika.