Mwavuli wa Kubanana

Jumatatu, 4 Mei
Bahari shwari. Wingu moja tu, nalo halina mpango. Nimefanya doria yangu ya jioni kwenye uwanja wa nyasi pale ufukweni, nimejibanza nyuma ya kibanda cha aiskrimu. Wanafunzi wanakariri kwa sauti. Mkata nyasi anagombana na mashine yake. Nesi Mstaafu, mama wa rika langu, yuko kwenye benchi lake, peke yake, anatazama maji. Sijawahi kumsemesha. Mke wangu alishatangulia zamani, na nimechoka kula huku nikibishana na redio. Nataka mtu wa kukaa naye. Basi! Lakini nimwendee hivihivi, na mvi zangu? Aibu. Lazima pawe na sababu. Mpango: mvua inyeshe, nitokee na mwavuli mdogo, mdogo kiasi kwamba watu wawili wabanane wapende wasipende. Kichwa ninacho!

Jumanne, 5 Mei
Nimeazima mwavuli wa mjukuu wangu. Wa rangi ya waridi, una masikio ya sungura. Mkwe wangu kaniuliza, baba, kwani unaenda wapi na hicho? Nikamjibu, utafiti wa hali ya hewa. Jioni, jua bado kali! Nikaufungua hata hivyo, kujizoeza. Watoto wa mpira wakanifuata uwanja mzima. Nesi akacheka hadi akavua miwani. Ameniona! Hatua kubwa. Dosari moja: Bwana Suti, yule karani mstaafu anayevaa koti hata kwenye joto, naye alikuwa anazungukazunguka benchi na mwavuli mweusi mkubwa kama hema. Nimemkata jicho.

Jumatano, 6 Mei
Asubuhi mawingu, nikashangilia. Mchana yakatoweka. Jioni upepo! Mwavuli ukaniponyoka, ukabingirika hadi miguuni kwa bibi harusi aliyekuwa akipigwa picha. Aliyeukimbilia ni Bwana Suti. Akaniletea, akasema pole sana kaka. Mnafiki mkubwa.

Alhamisi, 7 Mei
MVUA! Nimetoka mbio, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Nikafika, nikamwinulia Nesi sungura kichwani kwa adabu zote. Kumbe ana koti la mvua. La plastiki, hadi magotini, na kofia yake! Akaniambia jifunike mwenyewe kaka, wewe ndiye unayelowa. Kisha akasogea, akasema benchi si la mtu, ukitaka kukaa we kaa tu, iwe mvua iwe jua, mimi nipo kila jioni na sina wa kuongea naye. Nikamshukuru, nikasema nina haraka, nikaondoka. Mpango haukuwa hivyo! Nilipogeuka, Bwana Suti alikuwa amekaa. Mwavuli wake umefungwa, umelala chini ya benchi. Amelowa chapachapa, anakula karanga za Nesi, wanacheka. Imeniuma, sifichi.

Ijumaa, 8 Mei
Nimewaza sana, kosa nimeligundua. Kosa ni sungura. Hana hadhi. Nimembembeleza muuza aiskrimu mpaka kakubali kuniazima ule mwavuli wake wa kibandani, wenye mguu wa chuma. Mzito, mgongo unalia, lakini huu sasa ndio mwavuli. Anga jeupe, hata dalili ya wingu hakuna. Bwana Suti hakuja, ana mafua. Nesi akanipungia mkono, akapigapiga ubao wa benchi pale pembeni yake, mara mbili tatu. Nikampungia na mimi kutoka kibandani. Avumilie tu. Mvua ikinyesha, nakwenda.