Kipepeo Chumbani mwa Mama Mkwe

Jumamosi, 1 Machi 2025

Nimeamua. Kuanzia leo mimi, Gikunda, ni mfugaji wa samaki wa baharini. Wa kwanza Kinoru. Pengine wa kwanza Meru nzima, ila sitaki kujisifu kabla sijaulizia.

Chanzo ni mwalimu Kailemia, jirani yangu. Ana tangi la samaki wa dhahabu sebuleni. Wanne. Wanene. Wanafungua na kufunga midomo kutwa nzima kama wanakwaya waliosahau maneno. Jumuiya ya kanisa ilipokutana kwake Jumapili iliyopita, mimi ndiye niliyesoma Neno. Hakuna aliyenisikiliza! Shingo zote zilielekea kwenye tangi. Mama mmoja akasema nyumba ile ina utulivu wa pekee.

Jumuiya itakuja kwangu tarehe 30. Itakuta samaki kipepeo. Nimemwona kwenye simu. Ukimwona huyo, samaki wa Kailemia utawatia kwenye sufuria.

Fundi wa vioo ameleta tangi leo. Lita mia nne. Wanaume wanne walilibeba likiwa tupu. Tumeliweka chumba cha wageni. Ruguru, mke wangu, aliuliza kwa nini lisikae sebuleni. Nilimwambia sebuleni jua ni kali, samaki atasumbuka. Ni kweli. Sikumwambia sehemu ya pili: watu wa kwao Embu wanakipenda sana chumba kile. Mgeni akilazwa kando ya maji yanayobubujika usiku kucha, hatamaliza siku mbili. Mpango mmoja, kazi mbili!

Jumatatu, 3 Machi

Maji ya bahari yana gramu thelathini na tano za chumvi kwa kila lita. Mara mia nne. Kilo kumi na nne. Hesabu safi kabisa.

Mimi ni mtunza stoo wa agroveti, duka la dawa na chakula cha mifugo, la chama cha wafugaji. Nimezungukwa na chumvi. Jioni nimerudi na kilo kumi na nne za chumvi ya ng'ombe, nikaimwaga yote, nikakoroga kwa mpini wa ufagio.

Maji yamekuwa mekundu kama barabara ya Kangeta wakati wa mvua. Yatatulia.

Jumanne, 4 Machi

Hayajatulia. Nimempigia Nyaga. Tulisoma naye sekondari. Yeye ni mtu wa Kanja kule Embu, lakini siku hizi yuko Mombasa anauza samaki wa mapambo. Aliniuliza nimetumia chumvi gani. Nikamwambia. Nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama ninataka kufuga samaki au ndama.

Amesema atanitumia chumvi inayofaa. Nimeyatoa maji yote kwa mpira, kupitia dirishani. Kazi imeisha kwa nusu saa. Nikiamua jambo huwa sichelewi.

Jumamosi, 8 Machi

Chini ya dirisha lile kulikuwa na sukuma wiki ya Ruguru. Matuta matatu. Kulikuwa.

Hakupiga kelele. Aliniita tu, akanionyesha kwa kidole, akarudi jikoni. Heri angepiga kelele.

Mzigo wa Nyaga umefika: chumvi ya bahari, hita, pampu, na mawe yaliyofungwa kwa magazeti yaliyoloa. Mawe yametoka kwenye tangi lake la zamani. Yana vijidudu hai, ndivyo vitakavyosafisha uchafu wa samaki. Nyaga amesema nisiweke samaki yeyote kabla ya wiki sita, maji yakomae. Wiki sita! Kailemia naye, kupitia juu ya ua, bila kuulizwa, amesema hivyo hivyo. Wameshirikiana? Hawajuani. Lakini wivu ni wivu.

Jumatano, 19 Machi

Siku kumi na moja. Maji ni meupe, yanametameta. Sijaona kitu safi hivi tangu tununue televisheni.

Nilijishusha nikamwomba Kailemia aje na dawa yake ya kupima maji. Alitia matone kwenye kichupa, akakiinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Amesema bado yana sumu kidogo, ningoje. Nikamshukuru sana. Alipotoka tu nikampigia Nyaga nikamwambia maji yako tayari, mwalimu mzima ameyapima. Ambalo si uongo. Ameyapima.

Ijumaa, 21 Machi

Amefika!

Amesafiri kwa basi ndani ya boksi la baridi, kwenye mfuko wenye hewa. Nimemshusha taratibu kama Nyaga alivyoagiza, nikimwongezea maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima. Magoti yameniuma. Sikujali. Ni mweupe, ana mistari myembamba ya mshazari ubavuni kama iliyochorwa kwa penseli. Nyuma ni manjano kama ndizi mbivu. Utepe mweusi umepita juu ya jicho lake. Ni mwembamba hivi kwamba akikugeukia uso kwa uso anakaribia kutoweka.

Nimesimama pale nikasahau Kailemia kabisa. Dakika ishirini hivi.

Ruguru naye alikuja akasimama kando yangu. Akasema ni mzuri kweli. Kisha, kwa sauti ile ile, akasema mama yake atafanyiwa upasuaji wa jicho Jumatatu hapa mjini, mtoto wa jicho umemzidi, na atapumzika kwetu wiki mbili. Chumba cha wageni.

Jumapili, 23 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Kanja. Marcella. Mwanamke mrefu, mkimya, wa kanisa. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kula mbele yake wala kumtazama machoni. Heshima ni heshima.

Sasa nieleze jambo lililonijia leo saa nane mchana, nikiwa nimeshika kikopo cha chakula, mkono kwenye kitasa cha mlango. Siwezi kuingia. Mama mkwe analala mle ndani! Kitanda chake kimo mle, leso zake zimo mle. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe wake. Hata baba yangu, aliyekuwa mtu wa kuvunja kila kitu, hilo hakulivunja.

Na tangi halihamishiki. Likijaa linazidi uzito wa fahali.

Nimekaa sebuleni nikijiuliza ni mtu gani aliyepanga tangi likae mle.

Jumanne, 25 Machi

Upasuaji ulikwenda vizuri, Mungu ashukuriwe. Amefungwa jicho la kushoto. Daktari amesema asiiname, asinyanyue kitu kizito, apumzike.

Samaki hali. Siku ya nne! Ruguru anamtilia kamba wa kugandishwa waliokatwakatwa, kama ninavyomwelekeza nikiwa koridoni. Anasema vipande vinazama hadi chini na samaki anajificha nyuma ya jiwe. Kila siku nabeba ndoo za maji mapya hadi mlangoni, yeye anabadilisha. Anafanya haya yote baada ya kazi zake. Hajasema lolote kuhusu sukuma.

Leo sikuweza kuvumilia. Mama alikuwa amekaa uani anaota jua. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikapanda ndoo iliyopinduliwa, nichungulie tu kupitia dirishani. Sikujua kwamba amerudi ndani kujilaza. Na sikujua kwamba Kailemia yuko juu ya ngazi anachuma parachichi.

Aliuliza, kwa upole mwingi, kama ninatafuta kitu kwenye dirisha la mama mkwe.

Nilianguka. Ndoo imepasuka.

Jumatano, 26 Machi

Aibu. Nimekwenda kazini mapema, nimerudi nimechelewa. Ruguru amesema mama yake alicheka mpaka akashika bendeji. Kisha akauliza ni nini hicho baba Nkirote, yaani mimi, anachokitafuta hadi aumie, akasogeza kiti karibu na tangi. Jicho la kulia halioni vizuri, lakini aliona kitu cha manjano kikipita.

Amesema, "Ngai, Mungu wangu! Huyu naye amefungwa jicho kama mimi."

Alhamisi, 27 Machi

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi stima ilipotea Kinoru yote. Mimi niko agroveti napima chakula cha kuku. Ruguru yuko sokoni. Pampu imesimama, na samaki wa baharini bila pampu hupungukiwa hewa. Nimepiga simu ya nyumbani mara kumi na nne. Haikushikwa. Nikamwomba bosi ruhusa kwa sababu ya ugonjwa wa nyumbani. Aliuliza mgonjwa ni nani. Nikasema mama mkwe. Mungu anisamehe.

Nilikimbia. Nilipofika koridoni nilisikia maji yakimwagika. Chwa, chwa, chwa. Na mtu anaimba wimbo wa kanisa kwa Kiembu. Nikabisha mlango, nikauliza kwa sauti kama kuna usalama.

"Baba Nkirote, kitu chako kimenyamaza," mama akajibu kutoka ndani. "Nimesikia kimenyamaza nikajua si vizuri. Nachota maji kwa kikombe nayamwaga kutoka juu, yapate hewa. Nyumbani maji ya tangi la mvua yakilala sana tunayafanya hivi."

Hodi yangu ilikuwa saa tano kasoro. Stima ilipotea saa tatu. Mwanamke wa miaka sabini na miwili, siku tatu baada ya upasuaji, kikombe kwa kikombe, amesimama wima kabisa kwa sababu daktari amesema asiiname.

Nikamwomba apumzike, nikasema nitamwita mtu. Akasema nani, na samaki atangoja? Basi nikakaa chini sakafuni, mgongo ukiwa mlangoni, nikawa namwambia saa ni ngapi kila akiuliza. Hatujawahi kuongea hivyo. Alinisimulia mvua ya Kanja, kahawa, na jinsi miaka miwili iliyopita alivyoanza kumwagia maji mawe akidhani ni miche. Hakumwambia mtu. Aliogopa watoto watamzuia asiende shambani.

Ruguru alirudi saa sita, akachukua kikombe. Stima ikaja saa saba. Samaki hai!

Ijumaa, 28 Machi

Leo daktari ametazama jicho, amefurahi. Kumbe bendeji ilitolewa Jumatano usiku, sasa ni kifuniko tu cha plastiki cha kulalia. Mama ameona saa ya ukutani kutoka upande wa pili wa chumba. Ameisoma kwa sauti. Ruguru alilia. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Alikaa saa nzima. Kisha akamwita Ruguru akamwambia kwamba tunamlisha vibaya. Jana alipokuwa akichota maji alimwona kwa karibu: haokoti chini, anadonoa mashimo ya jiwe. "Mdomo wake ni kama kibano. Huyo ni wa kudonoa. Mpakieni chakula kwenye jiwe." Na akaagiza vioo vya pembeni vifunikwe kwa leso, kwani samaki anaogopa kivuli chake mwenyewe.

Ruguru akasaga kamba, akasindilia kwenye mashimo. Mimi koridoni, sikio mlangoni.

Kimya.

Kimya.

"Anakula!" Wote wawili, kwa pamoja. Ruguru akatoka akanikumbatia na mikono inanuka samaki. Sijui mara ya mwisho nilikumbatiwa koridoni ni lini.

Jumapili, 30 Machi

Jumuiya! Watu kumi na saba. Mama mwenyewe alifungua mlango wa chumba na kuwakaribisha, kwa hiyo nami niliingia kama mmoja wa umati. Siku saba sijamwona. Amenenepa kidogo. Alikuja mbele ya kioo, akanigeukia ubavu, manjano yote, kama anayejua nani alimnunua.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika kumi. Hakuna aliyenipa nafasi. Walimzunguka mama. Aliwahesabia mistari ya samaki mmoja mmoja kwa kidole, na kila aliyewahi kumwona kwetu akipapasa kuta alisogea karibu. Mama yule aliyesifu utulivu wa nyumba ya Kailemia alifuta macho.

Kailemia alipima tena maji. Safi. Akanipa mkono, akasema hajaona kitu kizuri hivi, kisha akanong'ona kwamba nina bahati kubwa, maji yale ya kwanza yangemuua. Nikamwambia si bahati, ni mipango. Akaomba chai.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama amerudi Kanja asubuhi. Wiki mbili hazijaisha vizuri lakini amesema magugu hayangoji, na sasa anayaona. Mlangoni aliniambia, akitazama ukutani kama inavyostahili, kwamba nimwangalie yule mtoto wake wa manjano. Nikajibu, nikitazama viatu vyangu, kwamba nitamwangalia.

Ruguru amepanda sukuma mpya upande wa mbali kabisa wa shamba. Amesema sasa tumepumzika.

Nimekaa na kikombe cha chai mbele ya tangi, nikitafakari mwezi mzima. Nimefikia uamuzi kwamba kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga.

Nimempigia Nyaga. Ana pweza. Mdogo, amesema, kwa sasa. Ameniambia pweza hufungua vifuniko, hupenya tundu la ukubwa wa shilingi, hutoka akatembea sakafuni, na nisithubutu kumtaka kabla ya kungoja miezi mitatu maji yakomae. Nyaga amekaa pwani muda mrefu mno, amezoea kungoja.

Pweza anafika Jumatano. Nimesoma kwamba ana akili nyingi kuliko samaki wote. Tutaelewana. Nimepima bafu: nafasi inatosha, na Ruguru huoga asubuhi tu.