Sifuri Kwenye Kiti cha Mume Wangu

Abeokuta, 12 Aprili

Kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Oyekanmi,

Habari za kazi. Mimi ni bibi yake Tanitolu wa darasa la sita, anayefanya mtihani wa kuingia sekondari Jumamosi. Hesabu anaziweza, ila sifuri zinamponyoka: mia nne na saba anaandika 47. Nimechunguza, nikaona kosa si la mtoto. Ni la sifuri.

1. Sifuri haina kitu, lakini mnaiketisha katikati ya wenye vitu.

2. Nilimshauri mtoto aitoe, nne na saba wakae karibu wapate kuzungumza. Mwalimu wa hesabu akamkosesha kwa wino mwekundu ukurasa mzima.

3. Sasa imeingia kwangu. Barazani tulikuwa na viti vitatu mbele ya redio: changu, cha mume wangu Adegboro katikati, cha Tanitolu. Adegboro alikuwa fundi redio, na chai yake aliipoza kwa kuipigia mluzi. Alipofariki wakati wa harmatani, ule upepo mkavu wa vumbi, nilitia kiti chake stoo, tukasogeleana pengo lisionekane. Juzi tunakula ugali wetu wa amala, Tanitolu akasema, "Bibi, umekosea. Babu ni sifuri, hukupaswa kumtoa."

Mwanangu Kolade akapaliwa. "We mtoto! Baba yangu ndiye sifuri? Aliyefufua redio za mtaa mzima?"

Kwa hiyo naomba sifuri ifutwe kabla ya Jumamosi. Ikishindikana, ipelekwe mwisho wa namba, kama wachelewaji wengine, isimsumbue mtu.

Nisalimie walimu wote, na mama anayewapikia watoto maharage.

Wako mtiifu,
Morounkeji Adegboro

Tena: Tanitolu ameisoma barua hii, akacheka mpaka akakaa chini. Ati mwisho wa namba ndiko balaa kubwa zaidi, huko sifuri huikuza namba mara kumi. Kisha akasema, "Bibi, sifuri inamshikia mtu nafasi, wengine wabaki walivyo. Wewe ni nne, Babu yuko katikati, mimi saba. Mimi sijabadilika. Tangu umtoe, aliyepungua ni wewe: ulikuwa mia nne, sasa ni arobaini."

Nimekirudisha kiti. Jana tulisikiliza habari watatu, na mtoto akaandika 407 bila kuambiwa.

Barua naituma hata hivyo, ili bibi mwingine akikuomba uifute sifuri, umkatalie. Na zamu yangu ikifika, naomba nikumbukwe vivyo hivyo: kiti changu kisiondolewe.