Mwongozo wa Amri Pungufu

Kwa heshima na taadhima, umma unataarifiwa kuwa Idara ya Huduma Bora ilifanikiwa kutengeneza mchezo wa kompyuta wa kuwafundisha wananchi namna ya kuhudumiwa. Hauna picha, maana picha huzua maswali. Mchezaji anasoma kwamba yuko kwenye ukumbi wa ofisi, anaandika amri kama "chukua fomu" au "fungua mlango", na mchezo unamjibu. Mimi ndimi mkurugenzi niliyeusimamia, na cheo cha katibu mkuu kilikuwa kimeshaanza kuninukia.

Kasoro ililetwa na fundi wa programu, dada mmoja asiyependa vikao. Siku ya majaribio niliandika "fungua" tu. Mchezo ukaniuliza: "Unataka kufungua nini?"

"Huu ni utovu wa nidhamu," nikamwambia. "Tangu lini serikali ikamuuliza mwananchi anataka nini?"

"Bosi, watu huandika nusunusu. Ukimuuliza anamalizia, mambo yanakwenda. Na kama pana mlango mmoja tu, mchezo unaufungua wenyewe."

"Kwa hiyo unabahatisha?"

"Natumia akili tu, bosi."

"Kwa idhini ya nani?"

Niliunda kamati, ikajichimbia hotelini, ikaibuka na mwongozo: mwenye amri pungufu asiulizwe, asisaidiwe, arudishwe mwisho wa foleni. Ulikuwa mwongozo mtamu mno kuachiwa kompyuta peke yake, nikausambaza kwa watumishi wote hadi askari wa mlangoni. Fundi aliutekeleza huku amebetua midomo.

Sasa, waziri wetu ni mtu wa neno moja. Akisema "Lete!" tunatimua mbio, huyu na maji, yule na faili, mwingine na kiti. Kimojawapo huwa ndicho.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Waziri akaketi mbele ya skrini kubwa, akaandika: "Fungua."

"Amri pungufu. Rudi mwisho wa foleni."

Akaandika tena, safari hii akibonyeza kwa hasira.

"Amri pungufu. Rudi mwisho wa foleni. Foleni imeshatoka nje ya jengo."

Watu wakaangua kicheko. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akamwonea huruma. "Mwanangu, waambie unafungua nini."

"Kwani hii mashine hainijui?" Waziri aliniuliza mimi.

"Haibagui, mheshimiwa," nikajibu kwa fahari. "Mwongozo niliuandaa mwenyewe."

Waziri akasimama. Shingo ilimvimba. "Ondoa!"

Kwa mara ya kwanza katika historia ya idara, hakuna aliyekimbia. Askari wa mlangoni akapiga saluti.

"Amri pungufu, mheshimiwa. Kwa mwongozo wa mkurugenzi, naomba urudi mwisho wa foleni."

Nilitamani ardhi inimeze. Waziri alimtazama askari, akanitazama mimi, akavuta pumzi ndefu.

"Mwondoe mkurugenzi huyu, ofisini na kwenye nyumba ya serikali, leo hii, kwa mlango wa nyuma, bila gari wala dereva."

Nimezeekea serikalini, na sijapata kusikia amri iliyokamilika namna ile. Hata fundi aliitikia kwa kichwa. Askari hakuwa na swali lolote.