Vidonge vya Mwanza na Mtindi wa Stanislausi

Jumatatu, 1 Juni 1998
Siku ya kumi na mbili ya vidonge. Daktari wa Mwanza alisema damu yangu ina mafuta mengi, nimeze kimoja kila jioni na niache nyama nono. Nikajibu ndiyo, daktari. Tangu hapo mke wangu Pelagia ananipikia mchicha. Mchicha! Mimi niliyekuwa karani mkuu wa kiwanda hapa Musoma, kabla hakijauzwa na sisi kupunguzwa.
Leo kwa kinyozi nimesoma kipande cha gazeti. Mtindi una bakteria wazuri, huenda wanasaidia kushusha mafuta. Sehemu ya mwisho ilikuwa imechanika. Haidhuru. Niliyoyataka nimeyapata.

Jumanne, 2 Juni
Nimefikiri kitaalamu. Bakteria ni wadudu. Dawa huua wadudu. Basi kidonge kitaua bakteria wangu. Haviwezi kukaa tumbo moja! Kimoja lazima kiondoke. Mtindi una ladha. Kidonge kimeondoka.
Tatizo: mtindi mzuri anao jirani yangu Stanislausi, mwenye ng'ombe wawili na roho ngumu. Tunashindana tangu darasa la kwanza. Siku hizi tunashindana kuimba besi kwenye kwaya.

Alhamisi, 4 Juni
Tumeelewana! Kumbe Stanislausi anaona wivu kwamba mimi nimetibiwa Mwanza. Anasema hata yeye moyo unamwenda mbio akipanda kilima cha kanisa. Nimpe vidonge, anipe kibuyu cha mtindi kila asubuhi. Nimempa kopo zima. Akauliza anameza vingapi. Nikasema kimoja, jioni. Akaniangalia kama vile namnyima.
Mtindi mzito, mchachu, safi. Pelagia anafurahi kuona nakunywa kitu cha afya. Kuhusu kopo hajauliza, nami sijamsumbua.

Jumamosi, 6 Juni
Butiama, kwa dada yangu Nyangi, kipaimara cha mwanawe. Mbuzi wawili. Mafuta yakidondoka mpaka kwenye viwiko! Nyangi aliuliza kama daktari ameruhusu. Nikamwambia asihofu, nina bakteria. Akadhani ni ugonjwa mpya. Akanionea huruma, akaniongezea supu.

Jumanne, 9 Juni
Asubuhi hakuna mtindi. Nimekwenda kulalamika. Nimemkuta Stanislausi kitandani, mapaja na mabega yanamuuma, hawezi kuinuka hata kunywa maji. Mkewe, Petronila, anasema mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi.
Stanislausi akaninong'oneza: "Leonardi, mimi nilikuwaga nabeba plau peke yangu. Umenipa nini?"
Nikamwuliza anameza vingapi. Vinne asubuhi, vinne jioni. Alitaka damu yake iwe safi kuliko yangu!
Miaka yote nimemtakia mabaya madogo madogo: asahau beti, kuku wake wasitage. Sikumtakia hili. Nimekimbia kwa Burito mwenye pikapu, tumempakia na godoro lake mpaka hospitali. Kutwa nimekaa nje ya wodi. Nimesali rozari mbili. Ya pili sikukosea hata mahali pamoja.

Jumatano, 10 Juni
Hatakufa! Wanamwekea dripu, wanaangalia figo, lakini hatakufa.
Muuguzi Eufrasia ametuita, mimi na Pelagia. Nimekiri yote. Amesema dawa ya mgonjwa si pipi ya kugawana. Hii ikizidi huumiza misuli na kuharibu figo. Hata anayeimeza sawasawa akisikia misuli inauma, aje haraka. Nilipomweleza habari za bakteria kuuawa, alicheka mpaka akavua miwani. Dawa hii haina ugomvi na mtindi, ningeweza kutumia vyote viwili tangu siku ya kwanza. Ila mtindi haushiki nafasi ya kidonge. Na chochote ninachotumia nimwambie.
Wamenipima damu. Mafuta yamepanda kuliko ya Mwanza.
Pelagia hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Njiani alisema tu: "Baba Tereza, kaka yako Bernado alianguka shambani ana miaka hamsini na mbili. Mimi ndiye niliyempelekea chai nikamkuta. Usinifanyie hivyo na wewe."
Nimemshika mkono barabarani, mchana kweupe, watu wanatutazama.

Jumapili, 14 Juni
Stanislausi ameruhusiwa. Nimempelekea machungwa. Amesema hatanisamehe mpaka kufa, kisha akauliza besi ya leo ilikwendaje bila yeye. Nimemwambia ilikuwa mbovu, watu walinung'unika. Akatabasamu, akamenya chungwa. Kusema kweli, besi ilikuwa nzuri sana.
Kidonge nameza kila jioni, kutoka kopo jipya la hospitali. Pelagia anasimama mbele yangu mpaka nipanue mdomo na kuinua ulimi. Mtindi kikombe kimoja. Mchicha sinung'uniki. Mimi ni mtu mpya kabisa!
Baada ya misa Makongoro wa Bugwema ameniita pembeni, akanionyesha unga wa mizizi. Anasema unayeyusha mafuta yote kwa siku tatu. Ameniagiza kijiko kimoja. Nimelamba viwili, maana mimi ni mtu mwenye mwili.
Muuguzi sijamwambia. Yeye alitaka kujua ninachotumia. Hii situmii. Naijaribu tu.