Lori la Jenerali Lakata Kulia na Kushoto

Gazeti lilikuwa la jana, lakini Redio, mpasha habari wa kijiwe chetu cha kahawa, alilisoma kama limetoka mtamboni dakika hiyo.

“Sikilizeni nyie! ‘Gari lolote litakalokutwa halina taa za breki au indiketa litang’olewa namba palepale.’ Palepale, jamani! Ukaguzi unaanza leo saa nne, na mtaa wa kwanza ni huu wetu.”

Vikombe vikasimama njiani kuelekea midomoni. Macho yote yakamwendea Jenerali.

Jenerali hajawahi kushika bunduki. Alikuwa mtunza stoo wa shule, akihesabu chaki na mifagio mpaka anastaafu. Cheo alikipata siku aliponunua lori kuukuu la jeshi kwenye mnada, likaja kusimama hapa kwenye mteremko, pembeni ya benchi la kahawa la mke wake, mawe yamewekwa chini ya matairi lisiserereke. Kesho ndiyo safari yake ya kwanza: madawati ya shule tatu. Na akikosa namba, kazi inakwenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye lori jipya na dharau za zamani.

“Mimi sina wasiwasi,” alisema Jenerali, huku kahawa ikimwagikia gotini. “Waya yuko kazini.”

Waya ni dada fundi umeme wa magari. Muda huo alionekana miguu tu, mwili mzima umemezwa na lori.

“Kazini tangu alfajiri,” alisema Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazama benchi letu na ndiyo maana wateja wake wana vichwa vya mabonde na vilima. “Hilo lori mnalionea. Limefundishwa kujificha miaka arobaini, leo mnataka litangaze linakokwenda? Vitani utamwambia adui, ‘Samahani ndugu, nakata kushoto’?”

“Hujakosea,” alidakia Kamusi. Huyu hakuna asilolijua. Ukimwambia umeota ndoto, anakurekebisha. “Hayo malori yana swichi maalumu ya giza. Ukiizungusha upande wa vita, hata ukanyage breki mpaka mguu utokee barabarani, nyuma hakiwaki kitu.”

“Na ndiyo niliyoihangaikia!” sauti ya Waya ilitoka chini. “Mzee, panda ukanyage.”

Jenerali akapanda. Nyuma zikawaka taa mbili, nyekundu kama macho ya mtu aliyekesha msibani. Kijiwe kizima kikapiga makofi. Waya akatoka, uso una grisi, akaomba baiskeli ya Kinyozi.

“Nafuata fyuzi moja ya akiba. Dakika ishirini. Msiguse kitu.”

“Mwanangu, sisi watu wazima,” alisema Kamusi.

Hakuwa amefika hata kwenye kona, Kamusi akasimama. “Hebu tujaribu yote kwa pamoja, mkaguzi asije akatuaibisha. Jenerali, weka indiketa ya kulia, halafu kanyaga breki.”

Tukajipanga nyuma ya lori kama tunaaga mwili. Taa ya kushoto ikawaka, ikatulia. Ya kulia ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

“Toba!” alipiga kelele Redio. “Breki ya kulia imekufa!”

“Haijakufa, inakata roho,” alisema Kinyozi. “Tazama inavyohema.”

“Rudia!” aliamuru Kamusi.

Jenerali akarudia. Akarudia mara saba, mara kumi. Kila aliyepita njia akaitwa ashuhudie, na kila shahidi akataka aone tena kwa macho yake. Muuza mitumba akasema ni balbu. Mama mmoja aliyebeba ndoo akasema ni husuda. Jenerali akashuka, jasho linamtiririka.

“Jamani, saa nne kasoro robo. Nifanyeje?”

“Kwani umeme ni nini?” aliuliza Kamusi, tayari ana kisu cha Kinyozi mkononi. “Ni maji yanayopita kwenye waya. Huku yapo, huku hayafiki. Unaunganisha mifereji miwili, kwisha!”

“Waya kasema tusiguse,” Mama, mke wa Jenerali, aliita kutoka jikoni kwake.

“Shemeji, hii ni elimu, si kugusa.”

Akachuna waya wa kushoto, akachuna wa kulia, akazisokota pamoja, akafunga tepu kama anafunga kidonda. “Indiketa ya kulia!”

Zikawaka zote mbili. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Lori zima linakonyeza.

“Sasa linakwenda wapi?” aliuliza Redio.

“Kokote,” alisema Kinyozi. “Hilo si lori tena, ni mgombea. Kila upande kaahidi.”

Hapo ndipo Waya aliporudi. Aliangalia lori, akaangalia kisu, akamwangalia Kamusi. Hakutukana, na hiyo ndiyo iliyotuogopesha. Aliingia chini, akakata ile kazi ya elimu, na huku anafunga waya upya kwa tepu akawa anasema taratibu, kama anamfundisha mtoto kuvaa viatu:

“Kwenye hili lori, breki na indiketa zinatumia balbu moja kila upande. Ukikata kulia, ya kulia inaacha kazi ya breki ili iseme unakokwenda. Ya kushoto inabaki kusema unasimama. Lilikuwa zima. Mmelifanyia upasuaji mtu mzima wa afya.”

Jenerali alikaa chini kabisa, kwenye vumbi. “Kwa hiyo tulikuwa tunalia bure?”

“Mlikuwa mnalia kwa betri, mzee.”

Hatukuuliza maana yake, kwa sababu afande alikuwa ameshafika. Mwanamke mrefu, faili kwapani, kofia imekaa sawasawa kama imepimwa kwa rula. Hakutaka kahawa. “Mwenye gari apande. Indiketa ya kulia. Breki.”

Kushoto ikatulia, kulia ikapepesa.

Afande akaandika kitu. “Breki ya kulia haiwaki.”

Jenerali akafumba macho. Na hapo, wapenzi, ndipo nilipoona jinsi binadamu anavyogeuka bila kutoa indiketa.

“Afande, kwa heshima zote!” Kamusi alikuwa mbele, kifua nje. “Hilo lori, breki na indiketa zinatumia balbu moja kila upande. Nimewaeleza hawa tangu asubuhi, hawasikii!”

“Hata mimi nilisema ni zima,” alisema Redio.

“Mimi sikulitilia shaka hata kidogo,” alisema Kinyozi, akificha kisu.

Waya alibaki anafuta mikono. Afande akawapita wote watatu, akasimama mbele yake. “Umelifunga wewe?”

“Mimi, afande.”

“Nimeendesha malori haya miaka sita kabla sijahamia ukaguzi. Nilitaka nijue nani atalitetea. Wanaopiga kelele wamenijibu kwa mdomo, wewe umenijibu kwa tepu.” Akatoa stika. “Taa zimepita. Liwashe lisogee, nibandike.”

Jenerali akawasha. Lori likasema *ngh*. Akarudia. Halikusema hata hiyo.

“Betri,” alisema Waya. “Limetoa ushahidi asubuhi nzima, taa zimeinywa yote.” Akafungua mfuniko wa rejeta, akachungulia. “Na huku maji yamekauka. Tunahitaji wa kuchota maji na wa kulisukuma mpaka lishike mteremko.”

Sijawahi kuona benchi likipungua vile.

“Nimeacha mteja nusu kichwa,” alisema Kinyozi.

“Mgongo wangu, daktari ameukataza,” alisema Kamusi.

“Naitwa nyumbani,” alisema Redio.

“Nani anakuita? Simu yako si hii hapa mezani?” aliuliza Mama.

“Moyo, shemeji. Moyo unaniita.”

Mimi pia ningeitwa, ila Mama alikuwa ameshanishika ukosi. “Maji niachieni mimi,” alisema. “Nyie jipangeni.”

Tukajikuta wachache: Waya, Mama na mimi. Afande akatazama saa, akavua kofia, akaiweka juu ya benchi. “Nina magari kumi na moja leo. Ondoeni mawe. Haya, pamoja!”

Likagoma, likayumba, likakubali. Chini kidogo likakohoa, likatoa wingu jeusi, likanguruma. Jenerali hakuthubutu kusimama, lisije likazima. Afande akalikimbiza stika mkononi, akaibandika kwenye kioo lori likitembea, kijiwe cha jirani kikishangilia.

Wa kwanza kurudi alikuwa Redio, akipangusa jasho ambalo sijui alilitoa wapi. Nyuma yake Kinyozi, nyuma yake Kamusi, mkono kiunoni.

“Leo tumepambana!” alisema Kamusi, akikaa. “Shemeji, tupoze koo.”

Mama akaliinua birika, akaligeuza juu chini. Likadondoka tone moja.

“Kahawa imekwenda wapi?”

“Kwenye rejeta. Wachota maji walikuwa safarini, nikaona bora anywe anayefanya kazi.”