Njooni Mchukue Njaa Yenu, Mtoto Mniachie

Kyebando,
Jumatano asubuhi.

Kwa Mwenyekiti, Mzee Cleopas Odero,
Umoja wa Ukoo, Tawi la Kampala.

Baba yangu mheshimiwa,

KUH: SHTAKA KWAMBA MTOTO AKECH HASHIBI KWANGU

Sasa hivi tu, nikiwa bado natafuta kalamu, Akech amerudi kutoka kwa jirani yetu Mama Lailah na nusu chapati ameificha ndani ya gauni. Ameniangalia, ameona nimemwona, akacheka na yale meno yake ya mbele, halafu akapita nyuma ya pazia upande wa kitanda. Ni saa nne. Uji alikunywa saa moja, kikombe kizima, na kijiko akalamba. Nimeanza na jambo hili nisije nikaambiwa nilificha.

Baba, unanijua. Ni mimi Phelister Nabangala wa Busia, niliyeolewa na kijana wenu Ouma, yule anayechomelea milango ya chuma. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo pale nitakapokosea nakuomba uendelee tu kusoma. Naandika Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu ni cha kusalimia na kuitikia amina.

Jumapili iliyopita baada ya ibada Ukoo ulikaa. Mlipofika kwenye "mengineyo", dada yake Ouma, Shangazi Loice, akasimama. Akasema Akech anaomba chakula mlango kwa mlango kama hana mama, na kwamba yeye kwa macho yake alimkuta kwa Joska, mke wa polisi, ameshika sahani kwa mikono miwili. Akaomba mtoto ahamishiwe kwake Ntinda mpaka aanze shule, ili ashibe. Katibu akaandika. Mkanipa wiki moja nijibu kwa maandishi. Mimi nilikuwa nje namimina chai yenu na nilisikia yote kupitia dirishani. Chai haikumwagika.

Baba, mtoto huyu ana miaka mitatu na nusu. Hajawahi kulala mahali ambapo mimi sipo. Kwa hiyo nimejibu kwa utaratibu na kwa namba, kama Katibu anavyopenda.

1. Njaa haikai tumboni. Hili si neno langu. Nilimpeleka Akech kituo cha afya apate dawa ya minyoo, na mimi mwenyewe nikapimwe, kwa maana hali yangu mnaijua, ni mimba ya mwezi wa saba. Sista Docus alitufundisha sote tuliokuwa kwenye benchi. Akachora kichwa cha mtu nyuma ya kadi yangu, na ndani ya kichwa akaweka kitu kidogo kama harage. Akasema hapo ndipo njaa inapoamuliwa, tumbo linapeleka habari tu. Kadi nimeiweka ndani ya bahasha hii, naomba mnirudishie kabla ya kliniki ya mwezi ujao. Sasa kama njaa iko kichwani, Ukoo ulikosea kutuma mtu aje kukagua sufuria zangu. Mngekagua kichwa.

2. Kuna wajumbe. Tumbo likiwa tupu linatuma mjumbe anayeitwa homoni, anapanda mpaka kwenye lile harage na kusema "lete". Mafuta ya mwilini nayo yana mjumbe wao, wa kusema "basi, inatosha". Kwa mtu mwenye afya wote wawili wanafika. Kwa Akech naona wa "lete" anafika na boda boda, na wa "basi" anakuja kama vijana wa Ukoo siku ya kupanga viti.

3. Sasa tuulize ni nani aliyewaajiri wajumbe hao. Sista anasema ni jeni. Jeni ni maagizo ambayo mtoto anapewa kabla hajazaliwa, nusu kwa baba, nusu kwa mama, na hakuna anayeulizwa kama anayataka. Nimeichunguza nusu yangu kwa haki. Mimi njaa hainisumbui. Nikishapakulia Ouma na Akech, mimi nakula mwisho, jikoni, kile kilichobaki kwenye sufuria, kama mama yangu alivyonifundisha. Kisipobaki kitu nakunywa maji moto na chumvi kidogo na siku inaenda vizuri. Akech huja kusimama pale jikoni. Huniuliza, "Mama, yako wapi?" Namwambia mama ameshiba. Anachungulia sufuria, ananichungulia mimi, anaenda zake. Kwa hiyo jeni za upande wa Busia ni jeni zenye adabu. Inabaki nusu moja tu, na Baba, ya nani unaijua.

4. Mizani. Akech alipimwa, kilo kumi na nne. Sista akasema huyu yuko sawa kabisa, hana hata mnyoo. Nikamwuliza inakuwaje mtoto achukue chakula nyumba nne na kilo zisiongezeke. Akasema hajui, labda anacheza sana. Mimi najua: jeni zenu zinakichoma njiani. Nilipopanda mimi, mizani ilikuwa haijasogea tangu mwezi wa tano. Sista akaniuliza kwa sauti mbele ya watu, "Mama, wewe unakula kweli?" Nikamwambia nakula. Akaandika kitu kwenye kadi na kupiga mstari mwekundu chini yake. Hilo halihusu kesi hii na nimelitaja kwa sababu mtaliona kwenye kadi.

5. Siku hiyohiyo, pale kwenye benchi, Sista alipoanza kueleza kwamba mwili wa mjamzito una mambo yake tofauti, sikusikia mwisho, kwa maana Akech alikuwa ametoweka. Alirudi na ndizi ya mama mwingine. Akaniwekea mapajani. Nilidhani anataka nimmenyee. Nikamrudishia mwenyewe ndizi yake na kuomba msamaha mara tatu, na Akech akalia kuliko siku ya sindano. Mjue kwamba aibu hiyo niliibeba peke yangu ingawa mwizi ni jeni ya Ukoo.

6. Jina. Hapa Baba nakuomba ukae vizuri. Akech alipozaliwa alilia siku tatu. Mkaja ninyi wazee, mkamchukua, mkakaa naye sebuleni kwako mkitaja majina ya marehemu wa Ukoo moja moja, kwa desturi yenu, ili tujue ni nani anayetaka kuitwa. Majina saba yakapita na mtoto analia. La nane mkasema Akech, nyanya yake Ouma, na mtoto akanyamaza hapohapo. Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu, mkinywa soda, mkanisimulia wenyewe kwamba huyo nyanya alizaliwa mwaka wa njaa, ndiyo maana ya jina lenyewe, na akaishi miaka themanini akilipiza kisasi. Kwamba alikuwa akipita, kuku wanajua. Mkacheka sana. Mimi nilikuwa bado na kidonda cha uzazi, sikucheka. Jeni inaingia na damu bila kuonekana, hilo nawasamehe. Lakini hii mliiita kwa mdomo, kwa jina lake, mbele ya mashahidi, na mkaishangilia ilipoitika.

7. Shangazi Loice alipokuja kukagua jana Jumanne alikuta ugali wa posho na maharage ya watu watatu. Nilimkaribisha. Akasema hana njaa, ataonja tu ili ajue mtoto anakula nini. Alionja mpaka chini. Akanyanyua sufuria akasema, "Sasa Phelister, na hii ndiyo mnapika?" Mimi sikukasirika hata kidogo, kwa maana ushahidi wa jeni ulikuwa umekuja wenyewe kwa miguu yake. Usiku huo nililala mapema.

8. Sisimizi. Tangu mwezi uliopita wameingia nyuma ya pazia, mstari mrefu, asubuhi na jioni. Nimefagia, nimemwaga majivu, nimemwaga mafuta ya taa. Wanarudi. Siwezi kusema kwa hakika kwamba nao ni wa Ukoo, lakini hawakuwapo nilipokuwa sijaolewa.

Kwa sababu hizo naomba mambo yafuatayo, na nitapokea jibu lolote kwa unyenyekevu.

(a) Jumapili ijayo wanachama wote wapimwe kilo baada ya ibada na kabla ya chai, akianza Shangazi Loice. Mizani ya kukopa nitaitafuta mimi.

(b) Wazee walewale waliomwita marehemu nyanya wakae tena, wamwambie kwa heshima kwamba ameshiba.

(c) Ndilo kubwa. Shangazi alisema mtoto ni wa Ukoo. Mimi siwezi kubishana na Ukoo. Lakini kama mtoto ni wenu, basi njaa ni yenu zaidi, kwa maana mtoto nilimbeba mimi na njaa mliileta ninyi. Basi njooni mchukue njaa yenu, mtoto mniachie. Nitaitayarisha mapema. Nitaifunga kwenye leso safi.

(d) Sista akisema njaa na mtoto haviwezi kutenganishwa, basi mtupeleke Ntinda sote: Akech, mimi, huyu aliye tumboni, Ouma na mashine yake ya kuchomelea. Shangazi ana vyumba viwili na moyo mkubwa, alisema mwenyewe kwenye mkutano.

Baba, usinione mkaidi. Mimi natumaini sana. Nikiwaona mmekaa Jumapili na suti zenu, huwa nasema moyoni, watoto wangu wamepata watu. Ila usiku wa Jumapili Akech aliniuliza Ntinda ni wapi. Nikamwambia ni kule magari yanakosimama hayaendi. Akaniuliza, "Na wewe?" Ndiyo maana nimeandika mengi hivi.

Wasalimie nyumbani kwako, mgongo wa Mama naomba uwe umepoa. Msalimie Katibu, na wale vijana wa viti. Shangazi Loice mwambie bakuli lake la kifuniko alilosahau hapa liko salama, nimeliosha.

Wako katika utii na matumaini,
Phelister Nabangala,
Mama Akech.

N.B. Ni saa saba sasa na bahasha nimeifungua tena, samahani ikichanika. Nilikuwa nawafuata wale sisimizi na ufagio ili nikupe hesabu yao kamili kwa ajili ya namba 8. Wakanipeleka mpaka kwenye beseni langu la kujifungulia, lile nililoliweka tayari nyuma ya pazia. Ndani, juu ya pamba na plastiki, nimekuta nusu chapati ya leo, chapati nyingine ya siku nisiyoijua, vipande vitatu vya muhogo wa Joska, na njugu zimejazwa ndani ya soksi ya mtoto ambaye bado hajaja. Nikamwita Akech. Nikamwambia, "Wewe mlafi, hii yote ya nani?" Akasema, "Ya mama." Nikamwuliza mama gani. Akanigusa tumbo na kidole. "Mama hapana kula. Na mtoto hapana kula. Mimi naweka."

Baba, nikalivuta beseni karibu nami.

Halafu nikala. Nimeanza na chapati ya siku nisiyoijua, ilikuwa ngumu, nikailowesha kwenye maji. Na yule mjumbe wa "lete", ambaye niliandika hapo juu kwamba kwangu hayuko, amepanda kichwani na wenzake kumi. Kumbe alikuwapo, alichoka tu kubisha hodi. Kwa hiyo namba 1 iko sawa ila kichwa ni changu. Namba 2, 3, 4, 5 na 8 nazifuta. Mstari mwekundu wa Sista sasa nimeuelewa. Namba 6 pia nafuta, maana lazima niseme ukweli: majina saba ya kwanza mliyataja mkiwa mmemshika ninyi, na mlipotaja Akech ndipo mlikuwa mmechoka mkanirudishia, nikampa titi. Angeitika hata mngesema Cleopas. Namba 7 sifuti.

Maombi (a), (b) na (d) nayaondoa. Njaa msije kuichukua, nimegundua tunaitumia hapa. Linabaki ombi moja, nalo sina tena hoja ya kulishikia: mtoto mniachie. Najua mtasema mama kama huyu ndiye angepelekwa Ntinda alishwe. Lakini Baba, mtu wa kunilisha ninaye tayari, na mkimchukua sijui nani atachungulia sufuria. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo nitakula kwenye sahani, mkekani, mbele yake, mpaka aone nimemaliza. Nilitaka kueleza zaidi, ila posho imeiva na yeye ameshatandika, ameweka sahani mbili, yangu ameiwekea kile kijiko kikubwa, na ananiita, "Mama kuja, mama kuja kwanza," anasema hatatia hata tonge moja mdomoni mpaka...